Sura ya Tano: Kulima Rangi ya Kijani

Adui wa kwanza wa mwani katika mabwawa ya Uluguru ni maji safi. Mlima huu haukauki. Misitu ya juu, kutoka Lupanga mpaka Kimhandu kinachopita mita 2,600, hunasa mawingu yanayopanda kutoka Bahari ya Hindi na kuyashusha kwa vijito visivyo na idadi. Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam, chimbuko lake ni humo. Ngerengere, unaojaza bwawa la Mindu kwa ajili ya mji wa Morogoro, nao ni wa humo humo. Anayechimba bwawa la samaki upande wa Mgeta hahangaiki na maji. Anachepusha mfereji ule ule unaomwagilia kabichi na karoti, anaweka bomba la kuingizia upande wa juu na la kutolea upande wa chini, kisha anaacha maji yapite usiku na mchana. Bwawa linang'aa mpaka matope ya chini yanaonekana, na kila samaki anayekatiza unaweza kumnyooshea kidole. Wageni wanasifia. Miezi inapita, samaki hawaongezeki.

Tupige hesabu. Bwawa la mita 10 kwa 20 lenye kina cha mita 1 lina lita 200,000. Bomba linalotoa lita 1 kwa sekunde, na hilo si bomba kubwa, linaingiza lita 86,400 kwa siku. Maana yake, katika siku mbili na kitu bwawa limeingiziwa maji ya kutosha kulijaza upya. Mwani mdogo, huu usioonekana bila hadubini, huongezeka kwa kujigawa: seli moja huwa mbili, mbili huwa nne. Ili usifagiliwe nje na mkondo wa namna hiyo, lazima ujizidishe maradufu kila baada ya saa 38 hivi. Katika maji ya vuguvugu yenye rutuba hilo si tatizo. Katika maji ya kijito cha mlimani, ya baridi na yasiyobeba chumvichumvi nyingi, mwani unashindwa mbio hizo siku ya kwanza. Na si mwani tu unaotoka: samadi aliyoitia mfugaji jana nayo inakwenda na maji, ikarutubishe shamba la jirani wa bondeni.

Nasema mwani, wala sisemi samaki, kwa sababu mfugaji wa perege au sato asiye na fedha ya chakula cha dukani ni mkulima kwanza na mfugaji baadaye. Zao lake la kwanza ni rangi ya kijani. Samaki ndio mifugo inayolichunga. Na zao hili lina tabia moja ambayo mahindi hayana: kuliotesha ni kazi ndogo, maana hata ndoo iliyosahauliwa juani inaota. Kazi kubwa ni kulifanya lisipungue na lisizidi, ndani ya chumba ambacho lenyewe ndilo linalokitia hewa mchana na kuinyonya hewa hiyo usiku.

Tumechelewa kulijua hilo. Majaribio ya kufuga perege Tanganyika yalianza mwaka 1949, Korogwe na Malya. Kufikia 1968 nchi ilikadiriwa kuwa na mabwawa yapatayo 8,000, mengine yakiwa na mita za mraba 20 tu, ukubwa wa chumba cha kulala. Mengi hayakutoa kitu cha maana, na lawama zilielekezwa kwa ukame na usimamizi hafifu. Kwa maoni yangu kuchimba kulihimizwa kuliko kurutubisha. Shimo linaonekana, linahesabika, linaandikiwa ripoti. Rangi ya maji haina pa kuandikwa. Leo Morogoro ina kituo cha serikali cha ukuzaji viumbe maji pale Kingolwira, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kina mabwawa yake Magadu, chini kabisa ya mlima, kwa hiyo hakuna mkoa wenye kisingizio kidogo kuliko huu.

Hatua ya kwanza, basi, ni kufunga bomba. Bwawa la mwani ni la maji yaliyotulia: unajaza, unafunga, na baadaye unaongeza tu kile kilichokwenda na jua au kilichonyonywa na udongo. Ushauri huu unapingana na akili ya kawaida ya mtu wa milimani, ambaye tangu utoto anajua kwamba maji yaliyosimama ni maji ya ugonjwa. Maafisa ugani wanaolifundisha jambo hili bila kuigusa imani hiyo hurudi msimu unaofuata na kukuta bomba limefunguliwa tena.

Maji yakitulia, inafuata njaa ya mwani wenyewe. Mwani unataka nitrojeni, unataka fosforasi, unataka kaboni. Udongo mwekundu wa Uluguru umejaa madini ya chuma na alumini yanayoing'ang'ania fosforasi na kuifungia kwenye matope. Bwawa jipya, ambalo sakafu yake bado ina kiu, humeza mbolea ya wiki za mwanzo na kumwacha mwenye bwawa akidhani amepunjwa dukani. Maji ya mlimani nayo, yaliyopita juu ya miamba migumu isiyoyeyuka kirahisi, yana upungufu wa kaboneti, yaani akiba ya kaboni ambayo mwani huila mchana. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, itiwe kabla ya samadi, si pamoja nayo.

Fosforasi ya kununua ipo nyumbani. Kule Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, kuna mwamba wa fosfeti uliotokana na kinyesi na mifupa ya ndege wa maji na samaki wa ziwa la kale. Ndege walikula samaki, samaki walikula viumbe vya majini vilivyotegemea mwani, na sasa mwamba huo unasagwa ili uoteshe mwani mwingine. Shida ni kwamba fosfeti ghafi ya mwamba huyeyuka polepole, nayo bwawani huzama moja kwa moja kwenye matope. Ni afadhali ipitie kwenye mboji kwanza.

Samadi ndiyo njia ya wengi. Mgeta ina bahati ya mbuzi wa maziwa, kizazi cha wale walioletwa kutoka Norway miaka ya 1980 kwa ushirikiano na chuo cha Sokoine, na mbuzi anayefungwa bandani huacha samadi mahali pamoja. Njia nzuri ni kutenga kona ya bwawa kwa fito, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya eneo, na kujaza samadi na majani humo, yawe yanaoza na kutoa rutuba kidogo kidogo. Kumwaga ndoo kumi kwa mkupuo mmoja ni kosa. Samadi inapooza hutumia oksijeni, na hugeuza maji kuwa ya kahawia kama chai ya rangi. Chini ya rangi hiyo mwani haupati mwanga, na samaki hawapati pumzi. Majaribio yaliyofanywa Thailand, kwenye joto zuri kuliko letu, yalifikia kipimo kinachotajwa sana: kilo 4 za nitrojeni na kilo 1 ya fosforasi kwa hekta kila siku. Kwa lile bwawa letu la mita za mraba 200 hiyo ni gramu 80 za nitrojeni, sawa na gramu 170 na kidogo za urea. Kiganja kimoja na nusu! Wenye mazoea ya kupima mbolea kwa mfuko huwa hawaamini.

Halafu kuna udongo. Masika yakianza, mifereji inayotoka mashambani hushusha maji mekundu, na chembe za mfinyanzi ni ndogo mno hata wiki zinapita hazijatua. Mwanga unaishia kiasi cha shubiri moja. Unaweza kutia mbolea upendavyo. Mwani ulio gizani hauli. Serikali ya kikoloni iliwahi kujaribu kuuzuia udongo huu usishuke: mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ulioanza mwaka 1950, uliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Mwaka 1955 Waluguru waliukataa kwa ghasia, hasa upande wa Matombo, na walikuwa na hoja, kwa kuwa ngazi zile zilikula nguvu za watu na kufukua udongo wa chini usio na rutuba. Mpango ukafa. Mwenye bwawa wa leo anabaki na kazi yake binafsi: achimbe kishimo cha kutulizia maji kabla hayajaingia, aoteshe nyasi kwenye kingo, na siku ya mvua kubwa afunge mfereji kabisa.

Baridi haina mfereji wa kufunga. Mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Vijiji vya juu vya Mgeta vimepanda zaidi ya mita elfu moja juu ya hapo, na kila mita elfu hupunguza nyuzi joto kama sita. Wakati wa kipupwe, Juni mpaka Agosti, maji ya asubuhi huko juu hushuka kiasi kwamba sato hugoma kula. Ukuaji wa mwani, kwa kadirio la jumla, hupungua kwa nusu kila joto linaposhuka nyuzi 10. Si Uluguru pekee palipopata somo hili. Marekani ilitumia miaka 18, kutoka 1978 hadi 1996, kutafuta namna ya kukamua mafuta ya dizeli kutoka kwenye mwani, na mabwawa makubwa ya majaribio yalichimbwa Roswell, jangwani New Mexico, ambako jua halina mpinzani. Jua lilikuwepo. Usiku wa jangwa ukayapoza maji, na mavuno yakashuka. Tena aina za mwani zilizochaguliwa maabara kwa uangalifu zilisukumwa nje na mwani wa mahali pale, uliofika wenyewe kwa upepo.

Wengine huona dawa ya baridi ni kufunika bwawa kwa karatasi ya nailoni. Joto hupanda kweli, na mvua haizimui maji. Lakini chini ya nailoni hewa haizunguki, maji hayapati upepo wa kuyakoroga, matone yanayoganda ndani hupunguza mwanga, na nailoni yenyewe huchanwa na jua baada ya misimu michache. Kwa tangi dogo la majaribio inalipa. Kwa bwawa la kijijini ningeshauri fedha hiyo inunue chokaa.

Tuje sasa kwenye jambo linaloua samaki wengi kuliko mengine yote niliyoyataja, nalo hutokea pale mfugaji alipofanikiwa. Maji yamekuwa ya kijani. Mchana mwani unatumia mwanga kutengeneza chakula na kutoa oksijeni, na ifikapo saa tisa alasiri maji ya juu yanaweza kuwa na oksijeni karibu mara mbili ya kile ambacho yangeshika yakiwa yameachiwa hewa peke yake. Wakati huo huo mwani umeinyonya kaboni dioksidi yote, tindikali hafifu iliyokuwemo imeondoka, na pH imepanda mpaka 9 au zaidi. Hapo hatari ya pili inajitokeza. Kinyesi cha samaki na samadi vina amonia. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo katika umbo la sumu haifiki asilimia moja. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Hakuna kilichoongezwa bwawani. Jua limegeuza tu kilichokuwemo.

Jua likizama mambo yanapinduka. Mwani hauzalishi tena, unapumua tu, nao samaki, bakteria na matope vinapumua pia. Oksijeni inashuka saa baada ya saa. Saa kumi na moja alfajiri inaweza kuwa chini ya miligramu moja kwa lita, na ndipo unapowaona samaki wamejipanga juu ya maji, midomo nje, wakitweta. Usiku mmoja wa namna hiyo perege anauvumilia. Ni samaki mgumu. Zikija siku tatu za ukungu mfululizo, na Uluguru ina siku hizo nyingi, mchana hautoi akiba ya kutosha kuuvusha usiku. Mwani wenyewe huanza kufa. Unapokufa kwa wingi bakteria wanauozesha, wanaimaliza oksijeni iliyobaki, na maji yaliyokuwa ya kijani jana yanakuwa ya kijivu leo. Mfugaji husema bwawa limetiwa sumu, na wakati mwingine jirani asiye na hatia hutazamwa vibaya.

Kinga yake ni kupima, na kifaa cha kupimia ni mkono. Padri Angelo Secchi wa Roma alianza mwaka 1865 kushusha sahani nyeupe baharini ili kupima uangavu wa maji; mabwawani tunatumia sahani ile ile, na asiye nayo huzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni pale maji yanapofika karibu na kiwiko, kijani kinatosha. Kikipotea mapema, maji yakiwa yamefika nusu ya mkono tu, acha samadi, fungua maji kidogo usiku huo. Ukikiona vizuri mpaka kiwiko kimezama, ongeza. Mwani ukizidi, haujengi tena: wa juu unautia kivuli wa chini, na nusu ya bwawa inakuwa na mwani unaopumua bila kuzalisha.

Aina ya mwani nayo ina mambo yake, na hapa mfugaji hana kura kubwa. Bwawa ambalo halikurutubishwa, lenye maji meupe na kina kifupi, huota mwani wa nyuzi, ule unaoshikana na kuelea kama shuka chafu na kunasa vifaranga. Ajabu ni kwamba tiba yake ni kuzidisha kina na mbolea, ili mwani mdogo utie giza sakafuni. Bwawa lililozidishiwa fosforasi huvamiwa na sainobakteria, ambazo zina vibofu vya hewa vya kuzielesha juu na kukinga mwanga, na baadhi hujitengenezea nitrojeni kutoka hewani. Nyingine zina sumu. Heroe wengi walipokufa Ziwa Manyara mwaka 2004, watafiti walizihusisha sainobakteria na vifo hivyo.

Lakini Uganda inatupa habari ya kutuliza moyo. Ziwa George, lililo karibu juu ya mstari wa ikweta na lenye kina cha wastani cha mita mbili na nusu hivi, ni kijani kizito mwaka mzima, na kijani hicho kwa sehemu kubwa ni sainobakteria. Zamani ilidhaniwa samaki hawawezi kuzimeng'enya. Mwaka 1973 mtafiti D. J. W. Moriarty alionyesha kwamba tumbo la sato wa ziwa hilo hutoa tindikali kali hata kufikia pH 1.4, na tindikali hiyo huzipasua seli hizo. Asubuhi, tindikali ikiwa haijakolea, mwani wa kwanza kuliwa hupita tumboni na kutoka bado wa kijani. Kadiri siku inavyosonga ndivyo unavyotoka wa kahawia, umekwisha kazi. Kwa mfugaji wa Mgeta hii ina maana kwamba bwawa lenye sato wa kutosha, waliokwisha kukua, linajipogolea lenyewe, na lenye vifaranga wachache tu haliwezi.

Kwa nini basi tusivue mwani wenyewe, tukauze? Swali hili huulizwa kila inapotajwa spirulina, inayouzwa kwa bei ya dawa. Jibu la bwawa la kawaida ni fupi: katika maji mazuri ya kijani, mwani mkavu unaweza kuwa miligramu 100 kwa lita. Kilo moja inadai uchuje lita 10,000, na seli nyingi hupenya kitambaa chochote cha kawaida. Spirulina ni nyuzi zilizojisokota, kwa hiyo inachujika, na ndiyo sababu Wakanembu wa kando ya Ziwa Chad wameikausha na kuila kama dihé tangu zamani. Faida yake nyingine ni kwamba inastahimili maji ya magadi ambamo mwani mwingine hauishi. Heroe wadogo wa maziwa ya Natron, Nakuru na Bogoria wanaijua siri hiyo kuliko sisi.

Anayetaka kuilima Morogoro inabidi alitengeneze Ziwa Natron ndani ya tangi. Mchanganyiko unaofuatwa na wengi, ulioandikwa na Zarrouk mwaka 1966, unataka gramu 16.8 za sodiamu bikaboneti kwa kila lita. Tangi la mita 5 kwa 10, lenye kina cha sentimita 20, litameza kilo 168 kabla hata ya kuweka mbegu. Linataka joto la nyuzi 35, kwa hiyo Mgeta haifai, mjini afadhali. Linataka kukorogwa mchana kutwa. Mvua moja ya masika ikiingia, magadi yanazimuliwa, na mwani wa mtaani unakaribia. Na mavuno mabichi huharibika kwa saa chache, tena wakati wa mvua ndipo kukausha kunapokuwa kugumu zaidi. Sisemi haiwezekani; nasema anayeanza aanze na tangi moja, na soko akiwa amelishika mkononi kabla ya ungo.

Mwani unaolimwa kwa uhakika kuliko wote Morogoro, hata hivyo, hauko kwa mfugaji wala kwa muuza dawa. Uko Mafisa, kwenye mabwawa ya majitaka ya mji. Hakuna mashine inayopuliza hewa mle. Bakteria wanakula uchafu, mwani unawapa oksijeni ya kufanyia kazi hiyo, na ile pH ya alasiri inayotisha wafugaji, humu inasaidia kuua vimelea vya magonjwa. Matatizo ni yale yale ya Mgeta: utando ukifunika maji, mwanga hauingii, matope yakijaa, kina kinapungua na maji yanapita upesi kuliko mwani unavyoota. Kisha, kwa kuwa hakuna sato wa kuuchunga, mwani wenyewe hutoka na maji. Mhandisi anayepima maji yanayotoka huuhesabu kama uchafu uliobaki. Wakulima wa mpunga wa jirani huyaelekeza maji hayo hayo majarubani mwao, yakiwa na nitrojeni na fosforasi zake, na sehemu ya vimelea ambavyo mabwawa hayakuwahi kuvimaliza. Miguu yao peku ndiyo inayolipia hiyo sehemu ya mwisho.